Ananusa kuta za watu, wa mama yake ulimponyoka

Janine Kubiak amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, bega lake limeegemea ukuta, tochi iko mkononi. Juu yake maboriti ya dari yanalia kila mtu anapopita jikoni. Hiki ni chumba cha chini ya ardhi cha nyumba kongwe karibu na barabara ya Lincoln, upande wa kusini wa Milwaukee, na wenyewe, mume na mke walioinunua mwaka jana, wanataka kujua kwa nini viatu walivyoviweka huku vimeota manyoya.

Janine hanusi ukuta. Anamwita Efraín Tirado, mwenzake wa kazi, mwanamume wa miaka arobaini na kidogo aliyeishusha kofia yake ya sufi mpaka kwenye nyusi.

"Njoo useme," anamwambia.

Efraín anainama, anavuta pumzi mara moja, anasogea pembeni, anavuta tena. "Hapa pazima. Kona ile ndiyo mbovu."

Ndipo Janine anapochomeka kipimo cha unyevu kwenye ubao wa kona ile, na sindano inaruka. Anaingiza mtaimbo mdogo nyuma ya ubao na kuuvuta taratibu ili usipasuke. Upande wa nyuma ni mweusi tii, wenye vumbi laini kama masizi ya sufuria. Hiyo ndiyo kuvu ambayo mume na mke hawa wamekuwa wakilala juu yake tangu wahamie. Mwenye nyumba, aliyekuwa ameshuka ngazi nusu, anauliza kama haitoshi kupaka rangi tu, zile nzito za kuzuia maji.

"Paka," Janine anamjibu bila kugeuka. "Itakaa mpaka Pasaka. Halafu itaanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyesinzia juani."

Janine ana miaka hamsini na sita na kazi hii ameifanya kwa zaidi ya miaka ishirini: kutafuta maji yasiyoonekana katika vyumba vya chini vya nyumba za zamani, kuyakausha, na kuziba yanakoingilia. Wiki nzuri, akishamlipa Efraín na kujaza mafuta kwenye gari, anabakiwa na dola kama mia tisa. Wiki mbaya anabakiwa na maumivu ya magoti.

Kwa muda mrefu alikuwa akinusa mwenyewe, na sifa yake ilikuwa pua. Watu walimwita kutoka mitaa ya mbali kwa sababu aliweza kushuka ngazi, kusimama katikati ya chumba na kuonyesha kwa kidole. Siku hizi kanuni ya kwanza ya kazi yake ni kwamba Efraín hutangulia kunusa, na yeye hufuata na kipimo.

"Pua yangu nimeistaafisha," anasema. "Ilinidanganya mahali ambapo haikupaswa."

Mahali penyewe ni nyumbani kwa mama yake.

Leona Kubiak ana miaka themanini na mmoja. Tangu Februari analala kwa binti yake, katika chumba kilichokuwa stoo, na kila asubuhi anauliza lini atarudi kwake. Jibu linategemea ukuta mmoja wa nyumba yake kukauka, na ukuta huo usingekauka mpaka uchimbwe kwa nje. Ardhi ya Wisconsin ikishaganda, huchimbi kitu mpaka Aprili. Kifua cha Leona hakikuwa na uhakika wa kusubiri Aprili; daktari alilisema hilo waziwazi, tena mbele yake.

Nyumba hizi zetu za kusini zina historia moja. Babu zetu walijenga kijumba cha mbao, kisha familia ilipoongezeka wakakiinua kwa jeki, wakajenga kuta za matofali ya rangi ya krimu chini yake, nusu ndani ya ardhi, wakapata nyumba mbili kwa kiwanja kimoja. Tofali lile ni zuri machoni, lakini linanyonya maji kama mkate. Na sisi wenyewe tunalisaidia kunyonya. Mwezi wa Juni tunafungua madirisha ya chini ili "hewa safi iingie." Hewa ya joto inakutana na ukuta wa baridi, ukuta unatoka jasho, tunapangusa, mwaka unaofuata tunafungua tena. Ukijaribu kumwambia mtu afunge dirisha, atakuuliza kama unataka afie humo.

Marehemu Clem Kubiak, baba yake Janine, alikuwa fundi mitambo kiwandani na alipenda kila kitu kiwe kimefunikwa vizuri. Miaka ya sabini alizivika kuta za chumba cha chini mbao nyembamba za kahawia, akatengeneza kaunta ya vinywaji kwenye kona, akaning'iniza taa tatu za kioo chekundu. Humo ndimo ilipoliwa karamu ya mkesha wa Krismasi kila mwaka, meza zikiunganishwa kutoka ukuta mpaka ukuta, kwa sababu juu ukoo haukuenea. Chini ya ngazi ulikaa mtungi wa udongo wa kuchachushia kabichi, ambao Leona aliujaza kila vuli kama mama yake alivyofanya.

Aliyekulia katika nyumba hizi anaijua harufu ya mtungi ule. Ni ya uchachu, ya udongo, ya kitu kilichofungiwa muda mrefu. Mgeni anaweza kukunja uso, lakini sisi tunasikia njaa.

Leona alianza kukohoa majira ya baridi mawili yaliyopita. Alidhani ni mafua, kisha akadhani ni uzee. Mwaka jana daktari akauliza nyumba anayoishi ikoje, hasa chini, na Janine, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba wa mama yake mapajani, akamjibu kabla mama hajafungua mdomo.

"Nilimwambia, daktari, hiyo ndiyo kazi yangu. Nyumba ya mama ni kavu, niko mle kila Jumapili." Anaposimulia hili, Janine anaangalia mikono yake. "Nilikasirika hata, kwamba ameuliza. Kama vile ameniuliza kama naoga."

Hakuna aliyeuliza tena. Leona akapewa dawa ya kuvuta, akaendelea kushuka chini kufua, kuchukua viazi, kukoroga kabichi.

Februari, friza la zamani la Leona lilikufa, na Janine akamwomba Efraín aje wasaidiane kulipandisha. Efraín alizaliwa Ponce, Puerto Rico, na alikuja Milwaukee akiwa mtu mzima. Alikuwa hajawahi kuingia katika nyumba ile. Anasema alifika ngazi ya tatu akasimama.

"Nikamwambia, bosi, huku kuna kuvu. Akacheka. Akaniambia, hiyo kabichi, bwana, wewe hujazoea. Nikaendelea kushuka. Ni nyumba ya mama yake, mimi nani?"

Wakalisogeza friza. Efraín alipokwenda kushika upande wa kaunta, harufu ikamjia usoni tena, na safari hii mtungi ulikuwa mbali, upande wa pili wa chumba. Alikwenda mpaka kwenye mtungi, akaufunua, akanusa. Akarudi kwenye kaunta, akanusa. Kisha akamwambia Janine maneno ambayo Janine anayakumbuka neno kwa neno.

"Ile pale ni kabichi. Hii hapa siyo."

Janine alichukua kipimo ndani ya gari akiwa bado na tabasamu, kwa nia ya kumwonyesha mwenzake kwamba amekosea. Sindano ilipokwenda mpaka mwisho, alidhani kipimo kimeharibika. Akapima ukuta wa pili, kikasoma vizuri. Walitoa ubao mmoja nyuma ya kaunta ya Clem, na nyuma yake kulikuwa na kuvu nene kiasi cha kuchora kwa kidole. Wakatoa wa pili, na wa tatu. Ukuta wote wa upande wa bustani ulikuwa hivyo.

Janine alikaa kwenye ngazi. Leona, aliyekuwa juu akitengeneza kahawa, aliita kuuliza kama friza limewashinda.

"Watu wangapi nimewaambia nyumba yao inawaua," anasema Janine. "Na mimi nilikuwa nakula Krismasi mle ndani, namtazama mama yangu anakohoa, namwambia avae sweta."

Leona alihamishwa siku ileile. Mtungi wa kabichi ulihamia gereji. Janine na Efraín walivaa barakoa, wakabandua mbao zote za ukuta ule, wakasugua matofali na kuwasha mashine ya kukausha hewa, ikanguruma mle mwezi mzima. Aprili ukuta ulikuwa mkavu na Leona akaanza kufunga nguo zake. Mvua za Mei zilinyesha, ukuta ukaloa tena kutoka chini kwenda juu. Maji yalikuwa yakiingia kutoka nje.

Janine alizunguka nyumba wakati mvua ikinyesha, akiwa na mwavuli, akaona kile ambacho alikipita maisha yake yote.

Upande wa bustani, kiasi cha mkono mmoja kutoka ukutani, ilikuwa imesimama sanamu ya Bikira Maria ya familia ya Kubiak. Kama ilivyo katika nyua nyingi za huku kwetu, kibanda chake ni beseni la kuogea la chuma, la zamani, lililosimamishwa wima na kufukiwa nusu ardhini, likapakwa rangi ya buluu kwa ndani. Clem alilisogeza karibu na ukuta ili upepo wa ziwani usimpige Mama wa Mungu. Kisha, kwa heshima ileile, aliona bomba la kuteremsha maji ya paa linamrushia matone, akalipinda likamwage nyuma ya beseni. Kwa hiyo miaka yote hiyo, maji ya nusu paa yalikuwa yakimkwepa Bikira Maria na kuingia kwenye shimo lililo kati ya beseni na ukuta wa nyumba. Kiangazi mvua ilipopungua, Leona alijaza pengo hilo mwenyewe kwa ndoo, akimwagilia maua.

Nimeishi mitaa hii muda mrefu na nimeyaona mabeseni haya mengi kiasi kwamba sikuwahi kujiuliza yamesimama wapi. Tangu nisikie habari hii, siwezi kupita mbele ya moja bila kuangalia bomba la paa lilipo.

Janine aliunga bomba jeusi la plastiki ili maji yapelekwe mbali. Wiki haikuisha, Leona akaomba apelekwe kwake kuchukua viatu, na aliporudi bomba lilikuwa limeng'olewa na kuwekwa kando ya pipa la taka. Lilipita miguuni mwa Bikira, alieleza. Sanamu ile tayari inakanyaga nyoka mmoja na hakuona haja ya kumwongezea wa pili.

Hata hivyo bomba peke yake lisingetosha. Udongo wa kuunganishia matofali ya ukuta ule ulikuwa umelainika. Ilibidi kuchimba, kuziba, kupaka lami, na kurudishia ardhi kwa mteremko unaokimbiza maji. Beseni lilikuwa katikati ya yote hayo. Likitoka, ukuta unaponyeka. Leona alisema halitoki.

Walibishana majira yote ya kiangazi. Janine alieleza maji, Leona akasema maji yalikuwepo kabla ya Janine. Janine akaonyesha picha za ukuta, Leona akasema picha zina giza. Paroko alitumwa, akasema Bikira Maria hana tatizo la kuhama, alihamia mpaka Misri. Leona alimshukuru, akampa keki, akasema halitoki.

Mwisho wa Septemba walikuwa jikoni kwa Janine, Leona akikunja mashuka. Alikohoa mpaka akashika meza. Janine anakiri kwamba alipandisha sauti kwa mama yake, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Nilimwambia, Mama, utakufa kwa ajili ya beseni la kuogea?"

Leona alimaliza kukunja shuka lililokuwa mkononi. Kisha akamwambia binti yake jambo ambalo hakuwa amelisema kwa miaka hamsini na sita.

"Hilo beseni ni lako," alisema. "Ulizaliwa kabla ya wakati, Januari, mapafu hayajaiva. Wauguzi wakatuambia tumwite padri. Mimi na baba yako tukaweka nadhiri palepale koridoni. Mtoto akipumua, Mama Maria atakaa kwetu, hatutamtoa. Ukapumua. Sasa unataka nimtoe mimi kwa mikono yangu, halafu wewe je?"

Janine alikuwa akijua kwamba alizaliwa mdogo. Habari ya padri na nadhiri hakuwahi kuisikia. Alidhani beseni lile ni wazo la baba yake alipobadilisha bafu. Amefundishwa kujibu watu wanaopenda mbao zao, rangi zao, mazulia yao. Mtu anayekataa kupona kwa kuogopa kwamba mwanawe ataacha kupumua, hakuna aliyemfundisha kumjibu.

"Nililia," anasema. "Halafu nikamwambia, Mama, mimi ni mtu mzima na nina kilo tisini. Akasema, hata hivyo."

Oktoba iliingia. Janine alikwenda kazini, Efraín alinusa, mashine zilinguruma katika vyumba vya watu wengine. Asubuhi kulianza kuonekana barafu nyembamba kwenye vioo vya magari.

Kilichombadilisha Leona hakuna anayekijua vizuri, na mwenyewe ukimuuliza anaangalia dirishani. Anachosema Janine ni kwamba mama yake alirudi kutoka misa ya Jumapili akiwa na sura ya mtu aliyekuwa akifanya hesabu, akavua koti, akaketi.

"Nimekumbuka tulivyosema," Leona alimwambia. "Nilimwahidi atakaa kwetu. Sikumwahidi mahali."

Jumamosi iliyopita, mwandishi wa makala haya alikuwa kwenye bustani ile. Leona aliletwa na kukalishwa kwenye kiti, amevaa koti la sufi na kilemba, blanketi miguuni. Alikuwa ameomba jambo moja, kwamba sanamu aitoe yeye. Janine alimshika kiwiko, Leona akainama ndani ya beseni, akamkumbatia Bikira Maria kiunoni kama mtu anayemtoa mtoto kitandani, akamweka mapajani mwake chini ya blanketi. Alikaa naye hivyo muda wote wa kazi.

Beseni halikutoka kirahisi. Efraín alichimba pande zote, akalifunga mnyororo, Janine akavuta kwa gari. Lilipong'oka, shimo lilibaki na matope meusi yanayometameta, ingawa mvua ilikuwa haijanyesha wiki nzima. Efraín alichokoa kati ya matofali kwa kijiko cha kahawa, udongo ukatoka kama uji. Alimwonyesha Leona kijiko.

"Mama Leona, hii ndiyo umekuwa ukivuta."

Leona alikitazama, akasema kijiko kile ni cha seti yake nzuri na arudishe kikiwa kimeoshwa.

Walilisimamisha beseni upya kwenye uzio, upande wa pili wa bustani, mahali penye mteremko unaokwenda uchochoroni. Leona alitembea mpaka pale na sanamu yake, akaiweka, akarudi nyuma, akaangalia kutoka kwenye sanamu hadi kwenye dirisha la jikoni lake. Hapo zamani, alieleza, alipokuwa anaosha vyombo aliona mgongo wa beseni tu. Sasa ataona uso. Alionekana kushangaa kwamba hakuna aliyeliwaza hilo mapema, na ni wazi lawama alikuwa anamwandalia marehemu Clem.

Kisha akamgeukia binti yake, akamwekea kiganja kifuani, juu ya koti la kazi lenye lami, akakiacha hapo.

"Vuta," alisema.

Janine akavuta pumzi, akaitoa.

"Tena."

Akavuta tena. Leona akaondoa mkono, akarudi kwenye kiti chake bila kusaidiwa, akawaambia waendelee kabla ardhi haijaganda.

Kwa sasa ukuta umezibwa na kupakwa lami, na udongo umerudishwa kwa mteremko. Ndani, mbao za Clem hazitarudi. Matofali yatabaki wazi ili mtu ayaone yakianza kuloa. Leona hajalipenda hilo. Anasema ukoo utakuja mkesha wa Krismasi ukute kuta uchi kama za ghala, na atawaambia nini.

"Waambie wakaangalie nyuma ya mbao zao," Janine alimjibu.

Daktari hajaahidi kitu. Kifua cha mtu wa miaka themanini hakirudi kilivyokuwa, na Janine hajidanganyi. Ataendelea kupima ukuta ule kila wiki, na Efraín ataendelea kushuka kunusa, kwa malipo ya sahani ya chakula. Kipimo kikisoma vizuri mpaka katikati ya Desemba, Leona atarudi kwake.

Tunapoagana namuuliza Janine anatarajia nini hasa. Anafikiri huku akifuta mikono kwa tambara. Anasema miaka miwili hii mama yake akitoka chini na sahani za karamu husimama katikati ya ngazi, anajifanya amesahau kitu, anageuka nyuma kutazama, kumbe anatafuta pumzi. Watu wote mezani wanamwona na kuendelea kula.

"Nataka apande moja kwa moja," anasema. "Ngazi kumi na mbili, na sahani mkononi. Hata akifika juu akinigombeza."